Maswali ya Wasomaji: Kifudifudi Juu ya Barafu

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni binti wa Pasiansi hapo Mwanza, ila tangu Agosti niko Vancouver, Kanada, nasomea uvuvi, shahada ya pili. Wenzangu wanne wa darasani wamepanga wikendi moja ya Januari twende Whistler, mji wa michezo ya theluji huko milimani. Jumamosi wanataka ski, ile ya kuteleza kwenye theluji na mbao mbili ndefu miguuni, Jumapili wanataka kujaribu mchezo unaoitwa skeletoni, ule wa mtu kulala kifudifudi kwenye sledi, chombo cha kutelezea juu ya barafu, na kushuka kichwa mbele. Mimi theluji yenyewe nimeiona mara moja tu, ikayeyuka kabla ya saa sita mchana. Nilipomwambia mama kwenye simu alinyamaza, halafu akasema, "Tumekusomesha ili ukajitupe?" Wenzangu nao wanasema nisipoenda nitakuwa nimewaangusha. Uliwahi kuandika kwamba ulisoma huko. Niende au nisiende? Na nikienda nijiandae vipi?
Mtoto wa Pasiansi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mhola?

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, na nilipofika ng'ambo nikaisoma tena. Whistler nakujua. Nilikwenda Februari 2016, mwaka wangu wa pili wa masomo hapohapo Vancouver, mimi na wenzangu watatu: kijana wa Jamaika, binti wa Ufilipino, na dada mmoja wa Kisumu, jirani yetu wa ziwa hilihili. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na pia kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana barua yako imelifufua.

Wasomaji wengine wavumilie kidogo niwaeleze mchezo. Skeletoni ni sledi ndogo, bapa, haina usukani wala breki. Chini ina vyuma viwili vinavyogusa barafu. Mchezaji analala juu yake kifudifudi, mikono ubavuni, kidevu kikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye barafu. Ipo pia luji, ambayo mtu analala chali miguu ikitangulia, na bobsledi, ambayo watu wanaketi ndani kama kwenye mtumbwi. Skeletoni ilianzia St. Moritz, Uswisi, ambako njia ya barafu ya Cresta ilijengwa majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885. Iliingia Olimpiki mwaka 1928 na 1948, mara zote mbili palepale St. Moritz, ikaachwa miaka mingi, ikarudi Salt Lake City mwaka 2002. Safari hiyo ndipo wanawake nao wakaruhusiwa.

Njia ya Whistler ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2010. Ina urefu wa mita 1,450 na kona 16, na toka juu hadi chini inashuka mita 152. Nilipozisoma namba hizi kwenye ubao nilishangaa jambo moja: pale juu kabisa wanapoanzia mabingwa ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati ziwa letu liko kwenye mita 1,134 hivi. Yaani muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, amesimama juu kuliko bingwa wa Olimpiki anayesubiri kushuka. Baridi ya kule inaletwa na umbali kutoka ikweta. Na barafu ya njia haiachiwi hali ya hewa peke yake. Ndani ya zege yamepitishwa mabomba ya amonia, ileile inayotumika kwenye mitambo mikubwa ya kugandishia samaki. Wafanyakazi wananyunyiza maji kidogokidogo, yanaganda tabaka juu ya tabaka, kisha wanayakwangua kwa zana za mkono mpaka yalainike kama sahani. Wewe wa uvuvi utalielewa hili haraka kuliko wenzako.

Mama yako hajakosea kuogopa, na usimfiche kitu. Tarehe 12 Februari 2010, saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, kijana wa Georgia aitwaye Nodar Kumaritashvili, umri wake miaka 21, alifariki kwenye njia hiyohiyo akifanya mazoezi ya luji. Alikuwa anakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Baada ya hapo ukuta wa kona ya mwisho uliinuliwa, na wachezaji wa luji wakaanzishwa chini zaidi. Wageni kama mimi na wewe hatupelekwi kule juu. Tunaanzia chini sana, tunapita kona chache za mwisho, na hata hivyo kasi inakaribia kilomita 100 kwa saa. Mwambie mama namba zote mbili. Mzazi anatulia akiona mwanawe anajua anachokwenda kukifanya.

Sasa yaliyonipata mimi. Tulipewa maelekezo kwanza. Mwalimu alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya kijeshi, na neno lake lilikuwa moja tu: legea. Mabingwa wanakimbia na sledi kisha wanairukia; mgeni analala tu, anashika vishikio vilivyo usawa wa nyonga, na mtu anamwachia. Mabingwa wanaiongoza sledi kwa kubonyeza bega hapa na goti pale, mwendo mdogo ambao hata hauuoni. Mgeni anaambiwa asiongoze chochote. Atulie, aangalie mbele, aiache sledi itafute njia.

Bwana wa kuwaachia wageni alinishika vifundo vya miguu, akauliza kama niko tayari, akaniachia. Mwanzoni ni polepole, nilikuwa nasikia pumzi yangu ndani ya helmeti. Halafu vyuma vikaanza kulia, mlio wa msumari unaoburutwa juu ya bati, unapanda na kupanda. Nikakaza shingo. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilipokaza shingo mabega nayo yalikakamaa, sledi ikaanza kuyumba, bega la kushoto likagonga ukuta, kisha la kulia.

Kilichonisaidia kilitoka Mabatini. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na jabali refu, limelainishwa na mvua na vizazi vya watoto, na sisi tulikuwa tunalitelezea tukikalia kipande cha dumu la mafuta. Siku moja nilijaribu kulala kifudifudi nikachubuka kidevu, alama ipo hadi leo. Kaka yangu alinifuta damu kwa shati lake la shule akaniambia, "Usilishike jiwe. Ukilishika, litakushika." Nikiwa katikati ya barafu ile, kilomita elfu ngapi kutoka Mabatini, nilimsikia kaka. Nikatoa pumzi yote, nikayaachia mabega. Sledi ikanyooka yenyewe.

Kona ya 16 inaitwa Thunderbird. Pale uzito unakushukia mgongoni kama gunia la mpunga, kichwa kinavutwa chini hata ukitaka kukiinua huwezi. Kidevu cha helmeti yangu kilikwaruza barafu, nikaona chembe nyeupe zinaruka mbele ya macho. Baada ya hapo njia inapanda mlima, na mlima huo ndio breki. Nilisimama. Sikuweza kusema kitu. Nililia, na ilikuwa furaha. Kwenye bega nilibaki na alama ya bluu wiki nzima, nayo ni ya kukakamaa kwangu mwenyewe.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Sasa kosa.

Ijumaa usiku, ndani ya gari, yule dada wa Kisumu alisema taratibu kwamba yeye angependa abaki na kutuangalia tu. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, halafu nikawatafsiria wengine: "Umetoka ziwani hadi huku uje kuogopa maji yaliyoganda?" Gari zima likacheka. Yeye akanyamaza. Kesho yake alilipa, akavaa, akapanda nasi hadi pa kuanzia. Zamu yake ilipofika alivua helmeti, akaikabidhi, akateremka kwa miguu kando ya njia. Mimi nilipotoka kwenye sledi nilimkuta amesimama mwishoni na chupa ya chai ya tangawizi. Akanimiminia. Kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi mwake, nikadhani ni baridi.

Usiku, tukiwa wawili chumbani, aliniambia kwamba mdogo wake wa kiume alifariki kwa ajali ya pikipiki akiwa na miaka 19. Aliruka, akaanguka kichwa mbele. Hakutaka kuliongelea jambo hilo ndani ya gari lenye watu. Nilimwomba radhi na alinisamehe siku hiyohiyo. Mwaka jana alikuja Mwanza tukala sato pamoja pale Capri Point. Lakini neno langu lile bado linaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wanaokwambia utawaangusha waambie wazi, na uwaambie kabla ya siku ya safari, kwamba kwenda Whistler ni jambo moja na kupanda sledi ni jambo lingine. Huna deni la kueleza sababu. Anayebaki chini na chai naye yuko safarini. Mwaka 1998 kule Nagano, Philip Boit wa Kenya, mwanariadha aliyekuwa amejifunza ski kwa miaka miwili tu, alimaliza wa mwisho mbio za kilomita 10, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alikuwa bado amesimama pale mstarini, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wenzako wakiwa watu wa namna hiyo, nenda nao popote.

Ushauri wangu ni uende Whistler. Skeletoni amua ukiwa peke yako, umetulia, hakuna anayekutazama usoni. Ukiona moyo unataka lakini tumbo linaogopa, panda. Hofu ya namna hiyo inaisha ukishaachiwa. Ukiona moyo wenyewe hautaki, baki na chupa ya chai. Na kama una tatizo la shingo, mgongo au moyo, au umefanyiwa upasuaji karibuni, au una ujauzito, hapo hakuna mjadala, usipande.

Ratiba ya wenzako ningeibadilisha. Ski siku ya kwanza maana yake ni kuanguka mchana kutwa, na Jumapili utaamka shingo imekaza, kitu ambacho kwenye skeletoni hukitaki. Anzeni na sledi Jumamosi asubuhi mkiwa na miili mipya, ski iwe Jumapili. Kwenye ski usikubali kufundishwa na rafiki anayejua. Rafiki atakupeleka juu, akwambie "nifuate", apotee. Lipa darasa la wanaoanza, wakufundishe kukunja magoti na kuzikutanisha ncha za mbele za ski huku visigino vikiachana, maana hiyo ndiyo breki yako. Ukiona unaanguka, anguka ubavu. Mchana mkichoka, kuna mahali pa kuteleza kwa mipira inayofanana kabisa na ile mipira ya matairi ambayo watoto wetu wanaogelea nayo ziwani. Pale hata asiyetaka sledi atafurahi.

Nguo: ya ndani iliyobana ya kitambaa kisichoshika jasho, ya kati ya kuleta joto, ya juu ya kuzuia upepo na maji. Jinzi iache nyumbani, na fulana ya pamba pia, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakaa na baridi mwilini mpaka jioni. Soksi vaa jozi moja nzito ya sufi. Ukivaa mbili buti linabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Ukikumbuka baridi ya Makete utakuwa umeikumbuka nusu tu. Jaketi huko ni ghali, uliza maduka ya mitumba ya hapo Vancouver. Ndiko yanakotoka yale yanayofika Mlango Mmoja na kuvaliwa na vijana wetu wa bodaboda alfajiri.

Nywele! Hili hakuna atakayekwambia. Helmeti ya skeletoni inabana kichwa chote, na rasta nene au fundo la utosini halitaingia. Suka twende kilioni, nyembamba, zilale kichwani. Hereni vua. Mimi nilifumua rasta usiku wa kuamkia siku yenyewe, hadi saa nane, yule dada wa Kisumu akinisaidia. Nakumbuka hilo ninapokumbuka nilivyomjibu kwenye gari.

Barabara: ni kama kilomita 120 kutoka Vancouver, barabara namba 99, inapita ukingoni mwa bahari na kupanda milimani. Kuanzia Oktoba 1 hadi Machi 31 sheria inataka gari liwe na matairi ya majira ya baridi. Mkikodi gari, angalia matairi kwa macho yako kabla ya kusaini. Kama hakuna kati yenu aliyezoea kuendesha kwenye theluji, pandeni basi. Utapewa pia fomu ya kukubali hatari uweke sahihi. Isome yote, hata wenzako wakikuharakisha, na kabla ya safari uliza bima yako ya afya kama inagusa michezo ya namna hii.

Mpigie mama Ijumaa kabla hujaondoka, na umpigie tena Jumamosi ukishashuka. Wabeja kwa kuniandikia.

SWALI: Sisi ni vijana sita wa Nyegezi, tuna kikundi cha kuweka akiba kila mwezi kwa ajili ya safari. Tunataka kuigusa theluji bila kwenda Ulaya. Twende wapi?

JIBU: Wengi watawaambia Kilimanjaro. Barafu ya kileleni ipo, inaendelea kupungua, na ni vizuri muione, ila hakuna mtu anayeteleza pale. Ni safari ya kupanda mlima na ina gharama zake. Ski ya kweli ipo hata barani kwetu, mfano Lesotho, mahali panapoitwa Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu, msimu wake ni Juni hadi Agosti. Mkitaka kuonja tu, Dubai kuna ukumbi wa theluji wa Ski Dubai ndani ya jengo la maduka, ulifunguliwa 2005. Mimi ningesubiri miezi zaidi nikaenda Lesotho, kwa sababu pale mtaiona theluji ikiwa na mlima wake na upepo wake.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Niko Sengerema. Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 100 na hapa kwetu hakuna wa kumfikia. Ameona kwenye simu mchezo huo wa kulala kwenye sledi na sasa hana wimbo mwingine. Nimkataze au nimwache? Mtoto wa Sengerema atafika wapi na barafu?

JIBU: Shikamoo baba. Usimkataze.

Skeletoni inaanza na mbio. Mchezaji anakimbia ameinama, mkono mmoja kwenye sledi, mita 30 hivi, kisha anajirusha juu yake. Atakachokipoteza hapo mwanzoni ni vigumu kukirudisha chini. Ndiyo maana mataifa yanatafuta wachezaji wa skeletoni kwenye viwanja vya riadha. Akwasi Frimpong alizaliwa Ghana, alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi kabla ya kushika sledi, na mwaka 2018 aliiwakilisha Ghana kwenye skeletoni ya Olimpiki kule PyeongChang. Simidele Adeagbo wa Nigeria alikuwa mchezaji wa miruko mitatu. Alianza skeletoni mwaka 2017 akiwa na miaka zaidi ya 30, na Februari 2018 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushindana katika mchezo huo Olimpiki. Wote wawili walimaliza nafasi ya mwisho, kijana wako na ajue hilo pia. Kabla yao Tyler Botha wa Afrika Kusini alishiriki Torino mwaka 2006. Tanzania haijawahi kupeleka mtu Olimpiki ya majira ya baridi, kwa hiyo mtoto wako hatakuwa na wa kumwonesha njia, na gharama za kusafiri, sledi na makocha ni kubwa. Hilo nakueleza bila kulipunguza.

Lakini kwa sasa anachokihitaji kipo Sengerema. Amalize shule. Ajenge mapaja na mgongo, akimbie vipande vya mita 30 akitoka ameinama, kwenye mwinuko na kwenye tambarare. Nchi nyingi wanafanya mazoezi ya kuanza kwa sledi zenye magurudumu kwenye reli fupi, bila barafu kabisa; fundi wa kuchomelea wa hapo mjini anaweza kumtengenezea kigari kizito cha kusukuma ameinama hivyohivyo, kwenye uwanja wa shule, mwalimu akiwepo. Asilale juu yake na asishuke nacho mlimani. Hilo nakuomba ulisimamie wewe mwenyewe.

Mnunulie daftari. Kila Jumamosi apimwe mita 30, wewe ushike saa ya kuhesabia, aandike tarehe na muda. Likijaa kurasa kumi, lilete Mwanza ofisini kwetu, naye aje. Nitamtafutia kocha wa mbio wa kulisoma.